Jina la Tovuti Nalo ni Amana

Ndugu wanafunzi, katika zama hizi nyinyi vijana ndio mnaotegemewa na misikiti, vyama na hata maduka ya wazee wenu kila unapotakiwa ufundi wa kompyuta. Mkiambiwa "tufungulieni tovuti", mnafungua. Watu wanaisifu, na mambo yanaishia hapo. Leo tungependa kuwazindua juu ya jambo ambalo wengi hulisahau: jina la tovuti halinunuliwi likawa mali ya mtu milele. Husajiliwa kwa mwaka mmoja hadi kumi, na muda ukiisha bila kulipiwa, huondoka.

Hata wakubwa yamewafika. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, na watumiaji wengi wa barua pepe za Hotmail wakashindwa kuingia. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Tennessee, Marekani, aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Ikiwa kampuni tajiri kama hiyo ilisahau, itakuwaje kamati ya watu watano?

Tazameni gharama zinavyopanda. Jina linaloishia na .com kwa kawaida hulipiwa dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Muda ukipita, wasajili wengi hutoa siku chache za kulipa kwa bei ileile. Msajili akishalifuta, huwapo siku 30 za kulikomboa, lakini kwa ada ya ziada ambayo aghalabu huzidi ile ya mwaka mara kadhaa. Nazo zikipita, baada ya siku 5 jina huwa wazi kwa yeyote. Wapo wanaoyavizia majina ya namna hii, kisha humtaka mwenyewe wa zamani mamia au hata maelfu ya dola. Kupeleka shauri WIPO, Geneva, ada yake huanzia dola 1,500, na kushinda hakuna uhakika.

Tena fedha siyo hasara kubwa kuliko zote. Aliyelitwaa jina anaweza kuweka kamari pale palipokuwa na mawaidha, na hata kupokea barua pepe zinazotumwa kwa anwani zenu za zamani. Watu huingia kwa kuwaamini nyinyi.

Wako wanaosema ada hizi ni dhuluma. Bei za wanaovizia hatuzitetei. Lakini tangu 2013 kanuni za ICANN, taasisi inayosimamia majina haya, zinamtaka msajili amkumbushe mteja takriban mwezi mmoja, na tena wiki moja, kabla ya muda kuisha. Tatizo ni kwamba ukumbusho huo huenda kwa kijana aliyekwisha hamia mji mwingine. Kwa maoni yetu, lawama si yake, bali ni ya viongozi waliomwachia peke yake amana ya jumuiya.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mkiombwa kazi hii, shikilieni mambo matatu. Jina lisajiliwe kwa taasisi, si kwa mtu. Barua pepe ya usajili isomwe na watu wawili au watatu, na isitumie jina hilohilo la tovuti, kwani likikatika nayo hukatika. Tarehe ya malipo iandikwe katika daftari la mweka hazina, pamoja na kodi ya pango na umeme. Kamati isiyokubali haya, ni afadhali isifunguliwe tovuti.