Jina la Mke Limo?

Alfajiri, mtaa ungali kiza, mama keshawasha mkaa. Unga wa mchele umeumuka, chuma cha vitumbua kinapata moto, na makondakta wa daladala wameanza kumzunguka na vikombe vya chai. Kufika saa tatu amemaliza, fedha zimo pindoni mwa kanga. Jioni pindo hufunguliwa: hii ya mboga, hii ya daftari la mtoto, hii ya mchezo wa Ijumaa. Zamu yake ya mchezo ikifika, kitita chote humkabidhi mumewe. Ndivyo kilivyonunuliwa kiwanja, ndivyo yalivyofyatuliwa matofali. Siku ya kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mama alikuwa uani akiwaandalia mashahidi chai. Walikula vitumbua vyake, wakatia saini, na hati ya mauziano ikabeba jina moja.

Je, mama huyu amejitegemea?

Kila mwaka ifikapo Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, tunawahimiza wanawake wajitume. Kumwambia mama wa vitumbua ajitume ni kumkosea adabu! Kazi anafanya, fedha anapata. Kilichompita ni umiliki, na hapo ndipo usawa unapokwama. Mtu anayejua kwamba akifukuzwa ataondoka na ndoo na kanga zake, atathubutu vipi kumkatalia mume anayetaka kumwoza binti aliye shuleni? Atanyamaza. Nasi tutamsifu kwa heshima.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mumewe ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Lakini kifungu cha 60 kina jambo ambalo wengi hawalijui: mali ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, huchukuliwa kuwa ni ya huyo peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo; ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa hisa zao ni sawa. Basi mama yetu, siku ya ugomvi, ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Athibitishe kwa ushahidi gani? Vitumbua havina risiti.

Kweli, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Neno hilo limewaokoa wengi. Ila kusubiri mpaka mahakamani ni kusubiri mpaka nyumba imevunjika.

Wapo watakaosema mwanamke akishika mali huota mapembe. Bibi Khadija alikuwa tajiri mwenye misafara ya biashara kabla ya kuolewa na Mtume, na hakuna ndoa inayotajwa kwa heshima zaidi yake katika misikiti yetu. Kiburi nimekiona kwa wenye mali na kwa mafukara, na mara nyingi kilikuwa kimevaa suruali.

Ndugu uliyeoa, usiku wa leo itoe ile hati sandukuni uisome. Ukikuta jina moja, mwenyekiti wa mtaa yupo na mashahidi wenu wangali hai. Na kama mtaa wenu unangoja urasimishaji wa makazi, siku wapimaji wanapoandika majina ya wamiliki, mwite mkeo atoke uani.