Nusu Iliyobaki Ukumbini

Jirani yangu hapa Minago, mvuvi mzee aliyekimbilia Tanzania mwaka 1972, alirudi nyumbani na santuri moja ya Mbaraka Mwinshehe. Gramafoni hana. Juzi, tukianika ndagala, nilimwambia kwamba nyimbo hizo sasa zimo katika simu za wanangu. Akatikisa kichwa.

“Hiyo ni nusu tu, bwana.”

Nami nakubali. Santuri ndogo za zama zile zilibeba dakika chache kila upande, hata wimbo mrefu ukakatwa vipande viwili. Ukumbini hapakuwa na mkasi. Mzee asema Mbaraka aliliachia gitaa lizungumze peke yake, na wachezaji wakasahau viti vyao.

Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ilimuua Mombasa, akiwa na miaka 34 tu.

Mzee alimwona usiku mmoja, huko ugenini. Mkewe amekwisha kuichoka hadithi hiyo. Lakini mumewe anapofika penye gitaa, akiliigiza kwa mdomo, bibi huyo huziacha ndagala akasikiliza.