Seli shina si unga wa paketi, usitupe insulini yako

Huenda ushaiona kwenye status ya mtu unayemjua. Paketi ndogo inayong'aa, picha ya tofaa na zabibu, na maneno kwamba ndani yake kuna "seli shina" zinazofufua kongosho. Unamimina unga chini ya ulimi, unangoja wiki kadhaa, kisukari kwisha. Halafu inafuata ile sehemu tamu: leta wateja watatu, nawe utaanza kulipwa. Stori kama hii haichagui mji. Inafika Kondele na inafika Port Victoria kwa bando ileile.

Shida ni kwamba uongo huu umevaa shati la ukweli. Seli shina zipo, na wanasayansi wanazitumia kweli kujaribu kuokoa kongosho. Ndiyo maana hatutaki umcheke anayeamini paketi. Tunataka ujue tofauti, kwa sababu tofauti hiyo inaweza kuua mtu.

Tuanze na kongosho. Ndani yake mna seli zinazoitwa beta, na kazi yao ni kutengeneza insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango wa kutoka kwenye damu na kuingia mwilini. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinachoshika sana watoto na vijana, kinga ya mwili inazigeukia seli hizo na kuzishambulia. Ni kama soja aliyeajiriwa kulinda ploti, halafu anaanza kuwapiga wapangaji. Lakini siku ugonjwa unapogunduliwa, mara nyingi bado kuna seli beta chache ambazo hazijamalizwa. Hizo ndizo watafiti wanazipigania.

Huko Uppsala, Sweden, watafiti waliwachukua watu wazima 20 waliokuwa ndio kwanza wamegunduliwa kuwa na ugonjwa huu. Baadhi yao walitolewa seli shina kutoka kwa uboho wa mifupa yao wenyewe, kisha wakarudishiwa kupitia mshipa ili zimtulize yule soja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya mwaka mmoja, waliopewa seli hizo walikuwa wamehifadhi uwezo wao wa kutengeneza insulini kuliko wenzao. Utafiti ulikuwa mdogo, na hakuna aliyetangazwa kupona. Ila ulionyesha njia.

Njia ya pili ni kupanda seli mpya kabisa. Juni 2025, matokeo ya tiba inayoitwa zimislecel, ya kampuni ya Vertex ya Marekani, yalitolewa. Seli shina hukuzwa kwenye maabara hadi ziwe seli za kutengeneza insulini, kisha mgonjwa huwekewa kupitia mshipa wa ini. Kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji tena sindano za insulini baada ya mwaka mmoja. Hiyo ni kubwa, hatuwezi kuificha.

Lakini bei yake si pesa tu. Wagonjwa hao wanameza dawa za kushusha kinga ya mwili ili seli mpya zisikataliwe, na mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Huku ziwani ugonjwa huo si mgeni. Umewamaliza wengi waliokuwa wamedhoofishwa na ukimwi. Kushusha kinga mahali penye malaria na kifua kikuu si mchezo. Tiba itakayotufaa ni ile isiyomwacha mgonjwa uchi mbele ya magonjwa mengine, na watafiti wanaitafuta.

Sasa linganisha na paketi. Hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa hao aliyelamba unga. Chembe za tofaa zikiingia tumboni zinasagwa kama sukuma wiki, haziwi kongosho. Na hakuna aliyeambiwa atupe insulini kwanza ndipo aamini. Madaktari walipunguza dozi kadiri vipimo vilivyoonyesha kwamba seli mpya zinafanya kazi. Paketi inafanya kinyume: inadai imani leo, vipimo baadaye.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, mwili unaanza kuchoma mafuta kwa fujo na damu inajaa asidi. Anatapika, anapumua kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ndani ya siku chache anaweza kufa. Ukiona hivyo kwa beshte yako, usitafute maji ya limau wala maombi ya kwanza. Tafuta boda, mpeleke hospitali.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kama sayansi inataka kuokoa seli zilizobaki, basi mtu anayegunduliwa akiwa tayari amezimia amechelewa hata kwa tiba ya kesho. Mtoto anayekunywa maji bila kutosheka, anayekojoa kila saa na anayekonda, asipimwe malaria peke yake. Apimwe na sukari. Ni tone moja la damu kidoleni. Serikali za kaunti za Busia, Siaya, Kisumu na Homa Bay zihakikishe kila zahanati ya ufuoni ina mashine ya kupima sukari pamoja na vijiti vyake, kwa sababu mashine bila vijiti ni simu bila chaji. Na insulini isiwe ya kufuatwa hadi "Russia", kama wengi bado wanavyoiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.

Kisingizio cha ukosefu wa friji pia kimepungua nguvu. Utafiti uliofanyiwa kambi ya Dagahaley, Dadaab, na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba insulini inaweza kukaa wiki nne kwenye joto la kati ya digrii 25 na 37 bila kuharibika. Weka kivulini, kwenye mtungi penye baridi, iendelee na kazi.

Pia hatutaki kungoja foleni ya mwisho tena. Dawa za kufubaza HIV zilibadilisha mambo kwa matajiri mwaka 1996, huku sisi tukaendelea kuzika kwa miaka. Lakini chanjo ya malaria ilijaribiwa hapa Siaya na Kombewa, na Septemba 2019 ikazinduliwa Homa Bay. Kumbe watafiti wetu wa KEMRI wanaweza, na wakazi wetu wanaweza. Majaribio ya seli shina yakipanuka, ufuo huu uwe mezani mapema, kwa masharti ya kulinda wagonjwa wake.

Hadi siku hiyo, sindano si aibu. Kama una rafiki anayejidunga kabla ya kula, msubirie amalize, kisha mle pamoja. Na ile status ya paketi? Usiisambaze. Mwulize aliyeiposti swali moja tu: nikiacha insulini kesho, nani atanibeba hospitali keshokutwa?