Tuwasajili madalali kwanza, ndipo tuwadai taarifa

Juni 2025 Tanzania iliondolewa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, baada ya kukaa humo tangu Oktoba 2022. Tuna haki ya kufurahi, lakini tusijisahau. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha Haramu ya mwaka 2006 inamtaka wakala wa nyumba na viwanja, sawa na benki na kasino, amtambue mteja wake, atunze kumbukumbu na atoe taarifa za miamala yenye shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Benki ina leseni na mkaguzi wake anajulikana. Dalali wa mtaani ana namba ya simu iliyoandikwa kwa rangi kwenye kibao, kibao kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme, na hajasajiliwa popote. Agizo la sheria halina wa kulipokea.

Mwenye fedha chafu anaipenda nyumba kwa sababu inameza mamilioni kwa mkupuo mmoja, kisha inamrudishia kodi ya pango ambayo hakuna anayeitilia shaka. Bei nayo ni ya maelewano. Mkataba unaweza kuandikwa bei ndogo ili kukwepa kodi, salio likakabidhiwa taslimu, na jina la mnunuzi likawa la shemeji ambaye hata funguo hajazishika. Dalali ndiye aliyezungusha wateja, akasikia bei halisi na kumwona aliyetoa fedha. Anayajua haya kabla ya msajili wa hati.

Wapo wanaosema benki zinatosha. Zingetosha kama kila nyumba ingelipiwa benki. Noti zilizohesabiwa sebuleni hazipiti kwa karani yeyote. Wengine wanasema dalali si polisi, na akianza kuhoji wateja watamkimbia. Hoja hii ina uzito, ila sheria haimtumi kupeleleza. Inamtaka amjue mnunuzi, ajue nani hasa anayelipa, na akiona shaka atoe taarifa bila kumdokeza mteja. Mteja atamkimbia iwapo dalali wa jirani haulizi kitu. Wote wakiwa na wajibu uleule na mkaguzi yuleyule, hatakuwa na pa kukimbilia.

Hoja nzito zaidi inatoka Kenya. Wao wana bodi ya kusajili mawakala wa nyumba kwa miaka mingi, na bado Februari 2024 waliingizwa kwenye orodha hiyohiyo. Kweli, daftari peke yake halizuii uhalifu. Ndiyo maana mwaka 2025 Kenya ilirekebisha sheria zake na kuipa bodi hiyo mamlaka ya kuwasimamia mawakala katika kuzuia utakatishaji fedha. Hatua hiyo iliwezekana kwa sababu bodi ilikuwapo. Sisi tungempa nani mamlaka hayo?

Serikali ianze na usajili rahisi kupitia halmashauri, ada iwe ndogo, na dalali apewe namba itakayoandikwa kwenye kila mkataba anaousimamia. Mafunzo yafuate, kisha ukaguzi, na adhabu ije mwisho. Kumwadhibu dalali kwa wajibu ambao hakuna aliyewahi kumweleza ni uonevu. Kumwacha bila usajili ni kuwaachia wahalifu soko la nyumba.