Aliyepoteza Kazi Asijifiche, na Chama Kisimsahau

Ndugu wafanya kazi,

Jambo ninalotaka kulisema leo ni lile ambalo wengi wetu hulinong'ona tu: mtu aliyepoteza kazi aishi namna gani. Shauri langu ni moja. Aliyepoteza kazi asijifiche, na chama chake kisimsahau. Akijificha, chama hakiwezi kumsaidia. Na chama kikimsahau, yeye hana sababu ya kujitokeza.

Katika miji yetu wako watu walioachishwa kazi na nyumbani hawajasema. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu mtu huyo huvaa nguo zake za kazi, huaga, huenda kukaa sokoni au chini ya mwembe hata jioni, kisha hurudi kama mtu aliyechoka. Mwisho wa mwezi huleta fedha nyumbani na kuziita mshahara, kumbe anamega malipo aliyopewa alipoachishwa. Mkewe haoni sababu ya kupunguza matumizi. Watoto wataka viatu, jamaa wa nyumbani wataka mchango wa harusi, naye hukubali yote, maana hawezi kukataa bila kusema kweli. Fedha zikiisha, siri hutoka yenyewe, na siku hiyo nyumba hupata misiba miwili, ufukara na uwongo. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Kwa nini tunaona haya? Kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba asiye na kazi ni mvivu au mwizi. Hii si kweli. Mwezi wa Februari 1964 serikali, matajiri na vyama vya wafanya kazi walipatana kwamba matajiri waongeze watu kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mishahara wala kugoma kwa mwaka mzima. Maelfu ya watu walijitokeza kujiandikisha kuwa hawana kazi. Je, hao wote walikuwa wavivu? Na tarehe 25 Machi 2020, ndege za abiria kutoka nchi za nje ziliposimamishwa kwa sababu ya Korona, hoteli nyingi za pwani zilifunga milango, na wapishi na watandika vitanda wakarudi kwao. Hapana hata mmoja wao aliyeleta ugonjwa ule. Basi kupunguzwa kazini si aibu ya mtu.

Sasa nasema juu ya fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba tajiri anayetaka kupunguza watu lazima akiarifu chama na ofisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na idadi ya watu. Atakayeachishwa apate notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, likizo yake iliyobaki ilipwe kwa fedha, na kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi apewe malipo ya siku zisizopungua 15. Tuhesabu pamoja. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 800 kwa siku, akiwa amefanya kazi miaka 9, malipo ya siku 15 ni shilingi 12,000, na kwa miaka 9 ni shilingi 108,000, kabla ya makato.

Mtu ambaye hajapata kushika shilingi 108,000 kwa mkupuo mmoja huona ni utajiri. Hapo ndipo wengi hupotea. Fedha hizo ni miezi ya kuishi. Nyumba inayotumia shilingi 18,000 kwa mwezi itakula miezi 6 tu. Wakikaa chini mume na mke, wakapunguza hata 12,000, itakula miezi 9. Miezi hiyo 3 inayozidi haikutoka kwa tajiri wala kwa serikali, imetoka katika mazungumzo ya jioni moja. Lakini aliyeficha hawezi kuyafanya mazungumzo hayo. Tena tuandike kila shilingi inayotoka, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Na anayekuja wiki ile ile na habari za pikipiki ya biashara au shamba la bei rahisi, tumwambie arudi baada ya miezi 3.

Tusidanganyike pia kwamba kuna fungu jingine la karibu. Hapa Kenya hakuna mfuko wa serikali unaomlipa mtu mshahara kwa kuwa amekosa kazi, na akiba ya NSSF kwa kawaida haitolewi kabla ya miaka 50. Bima ya afya nayo, ambayo tangu Oktoba 2024 ni ya SHA badala ya NHIF, haikatwi tena na tajiri. Mtu ajiandikishe kujilipia mwenyewe kabla mtoto hajaugua.

Liko na jambo la mikopo. Wengi wetu tuna mkopo katika sako, na wadhamini wetu ni wenzetu wa kazi. Aliyeachishwa akizima simu na kuhama nyumba, sako itamkata mdhamini, yaani mwenzake aliyemwamini, ambaye naye ana watoto. Lakini akienda mapema mwenyewe, aweza kuomba akiba yake ipunguze deni na muda wa kulipa uongezwe. Kwa hiyo kujificha kwaumiza watu wawili. Na mikopo ya simu tuikimbie kabisa wakati huu, kwa kuwa kulipa mkopo kwa mkopo ni kuchimba shimo katika shimo.

Tukija kwenye moyo, tusicheke. Mtu aliyeamka kwa king'ora miaka 9 hawezi kukizoea kimya kwa siku moja. Huamka saa ile ile na hana pa kwenda. Hupoteza usingizi, hugombana kwa neno dogo, wengine huingia katika pombe. Kwa mama anayeshona nguo katika viwanda vya Athi River, ambaye peke yake ndiye alishaye nyumba, mzigo ni ule ule, na mara nyingi hana hata mtu wa kumwambia. Dawa ya kwanza ni kusema. Ya pili ni kuamka saa ya kazi, kuoga, kwenda kutafuta, na kushika kibarua chochote cha halali bila kuona haya. Na mtu akianza kusema heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe zahanati kama tunavyompeleka mwenye malaria.

Haya yote ni ya mtu na nyumba yake. Chama je? Ada yetu hukatwa na tajiri katika mshahara. Basi siku mshahara unapokatika, na ada hukatika, na jina la mtu hutoka katika orodha. Twampoteza mwenzetu siku ile ile anapotuhitaji. Watu husema, "Halipi tena, tumfanyie nini?" Mimi najibu: amelipa miaka 9 bila kuuliza.

Wengine watasema chama hakina fedha ya kulisha watu. Kweli, wala siombi hivyo. Naomba mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, jina la aliyepunguzwa likae katika orodha mwaka mmoja bila ada. Pili, mjumbe wa tawi amtembelee katika wiki ya kwanza, amhesabie malipo yake karatasi mkononi, kabla hajatia sahihi ya kwamba ameridhika. Tatu, mjumbe ahakikishe tajiri ametoa cheti cha kazi, maana ni haki ya kisheria wala si zawadi, na bila cheti mlango wa pili hufunguka kwa shida. Nne, kila mwanachama aliye kazini akisikia nafasi mahali, aiandike katika ofisi ya tawi, na majina ya waliopunguzwa yasomwe kwanza.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa barua mwezi huu, sema leo. Mwambie mkeo au mumeo kabla ya chakula cha jioni, na kesho asubuhi njoo ofisini na barua yako. Nanyi wajumbe, akija asikute mlango umefungwa. Tukiwapigania walio kazini peke yao, tajiri atajua njia ya kutunyamazisha: kututoa mmoja mmoja. Mambo haya manne yaletwe katika mkutano mkuu wa tawi, tuyapigie kura.

Wasalaam,
Ndugu yenu katika chama