UFUNDI NYUMBANI: Mali Bila Daftari



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeletewa swali na mzazi mmoja ambaye mwanawe hupiga gitaa katika kikundi cha taarabu cha vijana wetu. Anasema kijana alitumia wiki tatu nzima, kila usiku baada ya masomo, akitengeneza sauti katika mashine ile ya kukanyaga kwa mguu inayounganishwa baina ya gitaa na amplifaya, kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Siku ya harusi alipoiwasha, sauti zake hazikuwamo. Mzazi anauliza: je, mashine ni mbovu, na airudishe dukani?

Kabla ya kujibu, twapenda kusema kwamba miongoni mwa wasomaji wetu wako wasioridhia ala za muziki, na rai yao twaiheshimu. Ukurasa huu ni wa ufundi, hautoi fatwa. Fauka ya hayo, mengi tutakayoyaeleza yanaihusu vilevile mashine ya kidijitali ya kuchanganyia sauti, ile inayotumika ukumbini kwa mawaidha na maulidi, kwani nayo huhifadhi mipangilio yake kwa njia inayofanana na hii.

Jambo la kwanza la kufahamu ni nini hasa kinachohifadhiwa. Wengi hudhani kwamba mashine huiweka sauti yenyewe, kama kaseti ilivyokuwa ikiweka sauti ya mwimbaji. Sivyo. Mashine huugeuza mlio wa nyuzi kuwa tarakimu, huzibadilisha tarakimu hizo, kisha huzirudisha kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Kinachohifadhiwa ni maagizo tu: mwangwi ucheleweshwe kwa muda gani, mkwaruzo uwe kiasi gani, besi ipandishwe au ishushwe, na kipi kimtangulie mwenziwe. Ni orodha ya nambari, mfano wa karatasi ya mapishi. Pilau yenyewe haimo ndani ya karatasi. Na kwa kuwa ni orodha, hufutika kwa urahisi, lakini pia hunakilika kwa urahisi.

Sasa tuliendee swali. Aghalabu sauti hupotea kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba haikuhifadhiwa tangu hapo. Mtu anapobadilisha kiasi cha mwangwi au cha besi, mabadiliko hayo hukaa mahali pa muda tu. Katika mashine nyingi, akihamia sauti nyingine au akizima umeme, yamekwenda zake. Yampasa abonyeze kitufe cha kuhifadhi, ambacho aghalabu kina maandishi WRITE au STORE, achague nambari ya mahali, kisha abonyeze tena ili kuthibitisha. Ni rahisi mtu kubonyeza mara moja akadhani kazi imekwisha, ilhali mashine ingali inamngoja.

Ya pili ni kwamba imefunikwa na nyingine. Kila nambari hubeba sauti moja. Atakayehifadhi kitu kipya katika nambari 12 ameifuta iliyokuwamo, na aghalabu hakuna njia ya kuirejesha. Katika baadhi ya mashine sauti za kiwandani zimetengwa mahali pake wala hazifutiki. Katika nyingine zimechanganyika na za mwenye mashine. Amri ya kuhofiwa zaidi ni ile ya kuirudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani, kwani huzirejesha sauti za kiwanda na kuzifuta alizotengeneza mtu mwenyewe.

Ya tatu ni betri. Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990, ambazo hadi leo huuzwa zikiwa zimekwishatumika, huweka kumbukumbu katika chipu inayohitaji umeme kidogo wakati wote, hata mashine inapozimwa. Umeme huo hutoka katika betri bapa mfano wa sarafu, aghalabu ya volti 3. Betri hiyo huweza kudumu miaka kumi na zaidi, kisha ikafa bila ya kuaga. Hapo mashine huwaka vizuri na hulia vizuri, lakini kila izimwapo husahau yote. Na mwenye kuitoa betri kuukuu ili atie mpya huweza kuifuta kumbukumbu kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa hakunakili kwanza. Mashine za siku hizi aghalabu hutumia kumbukumbu isiyohitaji betri.

Kwa hiyo twamjibu mzazi: asikimbilie dukani. Kijana na ahifadhi sauti moja kwa utaratibu tulioueleza, ahamie nyingine, kisha airudie. Ikiwa ipo, azime mashine, achomoe waya wa umeme, na angoje hadi siku ya pili. Ikiwa sauti ilikuwapo kabla ya kuzima na haipo baada ya kuwasha, kasoro imo katika kumbukumbu au betri, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa ingalipo, basi yaelekea lililotokea ni la kwanza au la pili, na dawa yake ni uangalifu.

Ama kuhusu kinga, wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twashauri madaftari mawili.

Daftari la kwanza ni la karatasi. Kwa kila sauti iandikwe nambari yake, jina lake, mpangilio wa vitu vyake na kiasi cha kila kimoja. Kwa mfano, wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lake huchukua milisekunde 500. Hupatikana kwa kugawa 60,000 kwa idadi ya mapigo. Mwangwi ukiwekwa kwa muda huo hurudi pamoja na pigo. Nambari kama hii ikiandikwa, itamfaa mpigaji hata akibadilisha mashine, ilhali nakala ya kompyuta ya mashine moja aghalabu haisomeki na mashine ya aina nyingine.

Daftari la pili ni hiyo nakala ya kompyuta. Mashine nyingi za zamani zina tundu la mviringo lenye matundu madogo matano, la mfumo uitwao MIDI, uliotolewa na watengenezaji wa ala mwaka 1983. Kwa mfumo huo mashine nyingi huweza kumimina kumbukumbu yake yote katika kompyuta kupitia waya. Mashine mpya aghalabu hutumia waya wa USB na programu ya kampuni iliyoitengeneza. Nakala ziwe mbili, moja ndani ya kompyuta na moja nje yake, na kila moja iandikwe tarehe.

Hali kadhalika, iko sauti ambayo ipo lakini hugeuka. Wengi wetu twakaa katika fleti, na vijana hufanya mazoezi kwa sauti ya chini ili wasiwaudhi majirani. Sikio la binadamu, sauti inapokuwa ndogo, husikia besi kwa uchache. Kijana huizidisha, na akifika ukumbini besi hiyo huvuma hadi ikammeza mwimbaji. Yafaa aende ukumbini mapema, apige kwa nguvu ile ya usiku wenyewe, arekebishe, kisha ahifadhi katika nambari nyingine, asiifute ile ya nyumbani.

Mwisho, mashine ya kikundi ni amana. Kila mpigaji agawiwe nambari zake, na asiguse za mwenziwe bila ya idhini. Na ziko, katika makabati ya baadhi ya wazee wetu, mashine za miaka ile ambazo ndani yake zimo sauti zilizopigiwa harusi zetu tulipokuwa wageni katika nchi hizi. Betri zake zinazeeka, na baadhi ya waliozitengeneza sauti hizo wamekwisharudi nyumbani au wametangulia mbele ya haki. Twawaomba vijana wenye ujuzi wa kompyuta wawaendee wazee hao mwezi huu, wawaombe ruhusa, wanakili na waandike, kabla hapajagusiwa betri.

Maswali yenu twayangojea. Wabillahi tawfiq.