Dawa za miti shamba zisiwe ngao ya walaghai

Si ajabu siku hizi, uendapo sokoni au katika kituo cha matatu, kumsikia mchuuzi mwenye kipaza sauti akinadi dawa ya kuponya maumivu ya magoti, mgongo na viungo kwa usiku mmoja. Aghalabu chupa yake haina jina la aliyeitengeneza wala maelezo ya kilichomo. Sifa inayotajwa tena na tena ni moja tu: kwamba dawa hiyo ni ya miti.

Wanunuzi wake wengi ni wazee na akina mama waliovumilia maumivu kwa miaka, na ambao wamechoka kupanga foleni hospitalini kisha kurudi nyumbani na vidonge vilevile vya kutuliza maumivu. Hatuwalaumu. Maumivu yasiyokoma humnyima mtu usingizi, humwondoa shambani na kumfanya ajione mzigo kwa jamaa zake. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wala haitakuwa haki kudai kwamba tiba za asili hazina maana. Aspirini, ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliitengeneza mwaka wa 1897, ilitokana na elimu ya kale ya watu waliotumia magome na majani ya mimea kupoza homa na maumivu. Ilipofika 1971, mtaalamu Mwingereza John Vane alieleza jinsi inavyofanya kazi: huuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazochochea uvimbe. Kwa ugunduzi huo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Funzo ni kwamba mti waweza kuwa na dawa ya kweli, lakini ni sharti ijulikane ni dawa gani, ya kiasi gani, na ya ugonjwa upi.

Hapo ndipo penye kasoro. Uvimbe wenyewe si adui. Mtu akijikata, damu hukimbilia mahali pale pakawa pekundu, pakapata moto, pakavimba na kuuma. Huo ni mwili unaojilinda, na jeraha likipona, moto huo huzimika. Taabu huanza pale usipozimika.

Wengi wetu huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, ilhali maradhi yenyewe ni mbalimbali. Kuna magoti yaliyochakaa kwa umri na uzito. Kuna jongo, linaloletwa na chembechembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya katika viungo. Na kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyake wenyewe. Huu wa mwisho usipotibiwa mapema waweza kuviharibu viungo kabisa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Chupa moja haiwezi kuwa jibu la yote matatu.

Zipo tiba za asili ambazo hata madaktari wanazikubali. Kutembea na kunyoosha viungo kila siku huyasaidia magoti yaliyochakaa. Kupunguza uzito husaidia zaidi, kwani kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Kukanda kwa maji ya moto hulegeza misuli iliyokaza. Tangawizi na manjano vimeonyesha nafuu ya kiasi kwa baadhi ya wagonjwa wa magoti, ijapokuwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda yampasa kumwuliza daktari kwanza. Hakuna hata moja kati ya hizi inayofanya kazi kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo dawa ya miti inayoondoa maumivu ya miaka kumi kufikia asubuhi yafaa kutiliwa shaka. Mwaka wa 2022, idara ya kusimamia chakula na dawa nchini Marekani iliwaonya wananchi dhidi ya vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama tiba ya asili ya viungo. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa za viwandani ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Ya kwanza yaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Ya pili hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na aliyeizoea akiiacha ghafla aweza kuzimia na hata kufa. Anayefikiri kwamba anakunywa mizizi hawezi kujua wala kumweleza daktari.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za kiasili, na inataka ziwekewe utaratibu wa kuzisimamia pamoja na njia ya kuwapeleka wagonjwa kutoka kwa waganga hadi hospitalini. Sheria haimponyi mtu ikiwa kwenye karatasi. Tunaitaka Wizara ya Afya na serikali za kaunti zihakikishe kwamba dawa hizi zinapimwa masokoni na kwamba wanaotia kemikali za siri wanashtakiwa. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ina wataalamu wa dawa za kienyeji. Wapewe fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Waganga waadilifu wasiogope hatua hii, kwa maana ni jina lao linalochafuliwa.

Madaktari nao wana wajibu. Mgonjwa anayekemewa kwa sababu alitumia mizizi hatasema tena, na siku atakayofikishwa hospitalini figo zimeshindwa, hakuna atakayejua chanzo. Aulizwe kwa upole, na asikilizwe.

Kwa upande wao, wananchi wakumbuke kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Kiungo kinachovimba na kukaza kila asubuhi kwa majuma kadhaa kinahitaji kupimwa kabla ya kupakwa au kunyweshewa chochote. Na aliyekwisha kutumia chupa isiyo na jina asiitupe: aichukue, aende nayo kwa daktari.